Mti Ule Usiuguse

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkusanyiko wetu wa Waswahili hapa Ennis, kaunti ya Clare. Wengi mlikuwa shifti mkaomba niiweke yote, basi hii hapa. Picha nimeziacha, maneno ni yale yale.

Wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu hamjambo. Na nyinyi watoto mliokaa chini pale mbele nawaona, mkitulia vizuri kuna safari nitaitangaza mwishoni.

Nianze na mti.

Mwaka wangu wa pili hapa Ayalandi nilikuwa natunza wazee majumbani, ile kazi wengi humu tunaijua, unazunguka na kigari chako nyumba hadi nyumba huko vijijini mvua inakunyeshea. Kulikuwa na mzee mmoja, themanini na kitu, mfugaji wa ng'ombe maisha yake yote, nilikuwa namwandalia chai asubuhi. Dirisha la jiko lake linatazama shamba, na katikati ya shamba kuna mti mmoja wa miiba, umepindishwa na upepo wa bahari, uko peke yake kabisa. Siku moja nikamuuliza tu, kama mtu anavyopiga stori, mzee mbona ule mti hamkuukata, si trekta lingepita vizuri? Akanyamaza. Akaweka kikombe chini. Akaniambia, "Binti, mti ule usiuguse."

Basi. Hakueleza, na mimi nilivyouona uso wake sikuuliza tena siku hiyo.

Jamani, huyu ni mtu ana mashine ya kukamulia ya kisasa, ana simu, Jumapili hakosi kanisani, bei ya maziwa anaijua mpaka senti. Lakini mti ule haugusi, na baba yake hakuugusa, na babu yake hakuugusa. Kwa nini? Hilo swali ndilo lililonifanya nianze kuuliza wazee, mmoja baada ya mwingine, miaka kumi sasa, na leo nataka niwaambie nilichokipata, maana watoto wetu wanakulia kwenye ardhi hii na hatuijui.

Ule mti kwa Kiayalandi ni sceach. Mwezi wa tano unachanua maua meupe mpaka unafanana na mtu aliyevaa kanzu. Ukiota mingi kwenye ua haina neno, mnapogoa tu, lakini ukiota mmoja peke yake katikati ya shamba, huo una wenyewe. Na wenyewe hao hawatajwi ovyo. Wazee wanawaita daoine maithe, yaani Watu Wema, na wanaitwa wema kwa sababu ile ile bibi yangu alikuwa anashusha sauti akitaja vitu fulani jioni, unamsifu asikukasirikie. Simulizi za kale zinasema ni Tuatha Dé Danann, watu wa miungu waliokuwa wanaitawala nchi hii, wakaja wageni wakapigana nao, wageni wakashinda, na kwenye kugawana washindi wakachukua juu ya ardhi na walioshindwa wakachukua chini. Wako huko mpaka leo. Kwenye vilima, kwenye makaburi ya kale, kwenye maboma.

Hapo kwenye maboma naomba tukae kidogo.

Mkitoka hapa mkaenda upande wowote mtaona duara kwenye nyasi, tuta la udongo limezunguka, mara nyingi na miti juu yake, ndani ng'ombe wanakula au hakuna kitu kabisa. Waayalandi wanaita lios au ráth. Nani hapa anakaa au amewahi kufanya kazi sehemu inayoanza na Lis au Rath? Lisdoonvarna? Rathkeale? Naona mikono. Basi nyote mmekuwa mkitaja boma la mtu kila siku bila kujua. Maana ndivyo lilivyo, ni boma, na ukimleta Mmasai ukamsimamisha pale hahitaji kufundishwa, atakuambia hapa ndipo nyumba, hapa ndipo ng'ombe walilala, na hili tuta ni la kuzuia wezi wa mifugo. Mengi yalijengwa kati ya mwaka 500 na 1000, wakati ambao hapa utajiri wa mtu ulihesabiwa kwa ng'ombe, hata faini zilitozwa kwa ng'ombe. Yanayojulikana ni takriban 45,000. Elfu arobaini na tano! Kwenye kisiwa kidogo hivi!

Sasa nauliza, tuta la udongo linakaaje miaka 1,000 na zaidi? Halikujengwa kwa saruji. Watu wamepita hapa na njaa, njaa ile kubwa ya viazi ya 1845 na kuendelea, iliyoua watu kama milioni moja, kila kipande cha ardhi kilikuwa kinatafutwa. Kwa nini hawakulisawazisha wakapanda?

Kwa sababu waliambiwa wasiguse. Ndiyo sababu yenyewe. Kila kijiji kina stori ya mtu aliyekata mti wa lios na mkono ukapooza, aliyechukua mawe akajengea zizi na ng'ombe wakaanza kufa mmoja mmoja, aliyelima tuta na asubuhi akakutwa hana nguvu ya kuinuka. Sheria ya taifa hili ya kulinda mambo ya kale ilikuja 1930, mwaka ambao lios nyingi zilikuwa zimeshakaa zaidi ya miaka 1,000 bila askari wala kibao. Mlinzi alikuwa hadithi. Wenzangu wa Pwani mnazijua kaya za Wamijikenda, ule msitu umebaki umesimama wakati pembeni yake pote pamefyekwa, mmeshaelewa nasema nini.

Na msidhani ni mambo ya zamani. Mnapokwenda Shannon au Limerick kwa barabara kuu ya M18, pale Latoon karibu na Newmarket-on-Fergus, kuna mti mmoja wa miiba umezungushiwa fensi pembeni ya barabara. Wangapi mmeuona? Mwaka 1999 barabara ile ilikuwa inachorwa na mti ulikuwa katikati ya ramani, katapila lipite. Akasimama msimulizi wa hadithi wa hapa hapa Clare, Eddie Lenihan, akaandika kwenye gazeti akasema hapana. Akasema mti ule ni mahali ambapo Watu Wema wa mkoa wa Munster wanakutana wakienda vitani dhidi ya wa mkoa wa Connacht, na barabara ikipita juu yake watakaokufa ni madereva. Stori ikazunguka dunia nzima. Na mainjinia, watu wenye digrii zao, wakakaa, wakaangalia ramani, na mti ukabaki. Barabara imepita pembeni, fensi ikawekwa. Mwaka 2002 kuna mtu alikwenda usiku akayakata matawi yote, akaacha gogo tu, watu wakasema ndiyo umekufa sasa. Umechipua. Piteni hapo jioni ya leo mkirudi nyumbani mkauone.

Na kaunti ya Kerry mwaka 2017 mbunge Danny Healy-Rae alisema hadharani kwamba ile barabara ya N22 inayotoka Killarney kwenda Cork inazama sehemu ile ile kila ikitengenezwa kwa sababu eneo lile lina maboma ya Watu Wema. Wengine waliandika kwa kumcheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshakunywa chai kwenye majiko mengi mno kufika hapo.

Nitawaambia sasa kitu ambacho si rahisi kukisema, na wazazi mnivumilie.

Kulikuwa na mama mmoja mzee, naye nilimtunza, sitataja kijiji. Kila nikimpeleka kliniki, njia inapita kando ya lios iliyo kwenye shamba la ndugu zake, na kila tukipita pale anageuza uso upande wa pili. Kila mara. Mwanzoni nikajua anaogopa kama wengine. Siku moja tunarudi, mvua, akasema bila kuulizwa, "Kaka yangu yuko pale."

Kumbe. Zamani hapa mtoto akizaliwa mfu, au akafa kabla padri hajambatiza, kanisa lilikuwa halimruhusu kuzikwa makaburini na wengine. Hana nafasi kwenye ardhi iliyobarikiwa. Basi baba alikuwa anamfunga kitoto chake, anamweka kwenye kisanduku, usiku, anatoka peke yake, anakwenda kumzika mahali ambapo hakuna jembe litakalofika. Na wapi jembe halifiki? Kwenye lios. Penye Watu Wema. Juu anaweka jiwe dogo lisilo na maandishi. Mahali hapo panaitwa cillín. Ziko sehemu nyingi za nchi hii, na desturi hiyo ilifika mpaka karne ya 20, yaani wapo wazee hai leo, tunaowapa dawa na kuwafunika blanketi, wenye kaka au dada pale.

Ndugu zangu, mimi niliposikia hilo nilipaki gari. Mama yule hakulia, nililia mimi. Nikaelewa kwamba "usiguse" ya wazee hawa ina vitu vingi ndani yake, ina hofu ya majini ndiyo, lakini ina na huzuni ambayo haikuruhusiwa kusemwa kwa sauti, na hadithi ya Watu Wema ndiyo iliyowafunika wale watoto wasichimbuliwe. Baba asingeweza kumwambia jirani mwanangu yuko pale. Angeweza kumwambia tu, pale usilime.

Kwa hiyo mtu akinunua shamba kijijini, akaona duara la udongo, akaita katapila lije lisawazishe kwa siku moja apate nafasi ya majani, huyo haharibu udongo tu. Na inafanyika, tusidanganyane, tangu mashine kubwa zije mashambani lios nyingi zimeondoka. Mwaka 2012 mkulima mmoja wa Kerry alipigwa faini ya euro 25,000 kwa kubomoa moja. Faini inalipwa, lios hairudi.

Tupande gari kidogo sasa, mwendo wa kama masaa matatu kutoka hapa, twende kaunti ya Meath, bonde la mto Boyne, Newgrange. Kiayalandi wanapaita Sí an Bhrú. Wangapi mmefika? Watatu, wanne. Mnaobaki hamna sababu, ukienda na familia ni siku nzuri kabisa.

Ni kilima cha mawe na udongo, upana wake kama mita 85, kilijengwa kama miaka 5,200 iliyopita, yaani piramidi kubwa ya Giza ilikuwa bado miaka mia kadhaa ijengwe. Ndani kuna njia nyembamba ya mita 19, halafu chumba, na paa la chumba ni mawe tu yamepangwa yakifunga kuelekea juu, na chumba mpaka leo kikavu. Kwenye mvua hii tunayoijua!

Sasa sikilizeni. Mtaalamu wa mambo ya kale, profesa Michael O'Kelly kutoka Cork, alianza kuchimba pale 1962. Na watu wakawa wanamwambia, unajua kuna siku jua linaingia mpaka ndani, linamulika lile jiwe la mwisho lenye michoro ya mizunguko mitatu. Akiuliza nani ameona, hakuna. Walisikia tu kwa wengine. Lakini chini ya udongo, juu ya mlango, akakuta kidirisha cha mawe ambacho hakikuwa na kazi ya kueleweka. Basi asubuhi ya 21 Desemba 1967, siku fupi kuliko zote za mwaka, akaingia peke yake, akakaa gizani akisubiri. Jua likachomoza ng'ambo ya bonde, mwale mwembamba ukapita kwenye kile kidirisha, ukatambaa sakafuni mita zote zile ukaingia chumbani, pakaangaza, ukakaa dakika 17, ukakatika.

Watu walisema wanajua kitu ambacho hakuna aliyekiona. Walikijuaje? Mdomo kwa sikio, mdomo kwa sikio, hapo hapo walipokaa.

Na kuna hadithi ya kale ya mahali hapo. Mwenye nyumba alikuwa Dagda, mkubwa wa miungu, na mwanawe Aengus alikuja akamwomba amwachie ile nyumba mchana na usiku tu. Dagda akasema chukua. Kesho yake akaja kudai nyumba yake, Aengus akamjibu, uliniambia mchana na usiku, na dunia hii ina nini kingine zaidi ya mchana na usiku? Akabaki nayo milele. Wasimuliaji wa Kizungu wakiieleza hii wanahangaika, inabidi wafafanue kwamba kwenye Kiayalandi cha kale maneno yanaweza kusomeka namna mbili. Sisi hatuhitaji ufafanuzi! Mwambie mtu kwa Kiswahili nipe nyumba mchana na usiku, muone kama hamtagombana. Hii hadithi ilikuwa inasubiri kusimuliwa kwa Kiswahili, na nawaomba wazazi msimulieni mtoto leo kabla ya kulala.

Kuna moja nyingine ya bonde hilo, nitaisema kwa adabu kwa sababu ya watoto. Jirani na Newgrange kuna kilima kingine, Dowth, jina lake maana yake giza. Maandishi ya karne ya 11 hivi yanasema mfalme mmoja alitaka mnara wa kufika mbinguni ujengwe kwa siku moja, dada yake akalisimamisha jua kwa uchawi ili siku isiishe, halafu mfalme na dada yake wakafanya lisilofaa kati ya ndugu, uchawi ukavunjika, giza likaanguka, wajenzi wakaondoka. Na eneo hilo likapewa jina la kilima cha dhambi. Mwaka 2020 wanasayansi wa Trinity College Dublin wakapima DNA ya mfupa wa mwanaume aliyezikwa ndani ya Newgrange miaka 5,000 nyuma. Wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu kabisa, kaka na dada, au mzazi na mtoto wake. Mfupa ni wa Newgrange na hadithi ni ya Dowth, vilima viwili majirani, nalisema wazi hilo nisije nikawa nimeongeza chumvi. Lakini niliposoma nilikaa kimya muda mrefu.

Sasa nije kwenu watoto.

Kati ya 1937 na 1939 serikali ya hapa ilifanya jambo moja la akili sana. Walijua wazee wanakufa na stori zao. Wakasema nani anaweza kwenda kila nyumba ya kila kijiji akaruhusiwa kukaa karibu na moto? Mtoto. Wakaziandikia shule za msingi 5,000, wanafunzi wa madarasa ya juu, kwamba muda ule wa kuandika insha waandike walichoambiwa na babu, bibi na jirani. Visima vitakatifu, dawa za mitishamba, lios, hazina zilizofukiwa, majina ya kila shamba. Wakaleta. Kurasa kama 740,000 zilizopatikana! Nyingi ziko kwenye intaneti bure, andikeni dúchas, unachagua kaunti, unachagua shule, unakuta mwandiko wa mtoto na jina la mzee aliyemsimulia.

Mimi niliingia nikatafuta parokia ya yule mama. Nilichukua jioni tatu. Nikaikuta lios yao, mistari minne tu, mwandiko wa kalamu ya wino umeinama upande mmoja, mtoto ameandika kwamba kuna watoto wadogo wamezikwa ndani yake na watu hawapendi kupita pale usiku. Nilimsomea mama. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba nimchapishie, na karatasi ile aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na ndimo ilimokuwa alipofariki.

Wangapi hapa wazazi wenu au bibi zenu wako hai kule nyumbani? Mikono juu. Wangapi mmeshawahi kuwauliza jina la ule mlima nyuma ya nyumba lilitoka wapi? Haya, nimeona. Simu mnazo, na kurekodi ni bure.

Safari sasa. Jumamosi ya mwisho kabla ya Halloween tunakwenda Rathcroghan, kaunti ya Roscommon, makao ya malkia Medb kwenye hadithi za kale. Pale kuna pango linaitwa Uaimh na gCat, pango la paka, mlango wake ni tundu dogo chini ya mti wa miiba, mnatambaa kwenye matope halafu ndani panafunguka parefu na juu. Kwenye jiwe la mlangoni kumechongwa maandishi ya kale ya ogham, jina la Fráech mwana wa Medb. Hapo ndipo inaposemekana viumbe vya chini vinatoka usiku wa Samhain, 31 Oktoba, na hiyo Samhain ndiyo iliyozaa Halloween mnayovalia vinyago. Na wanasimulia mwanamke mmoja alishika ndama wake mkia, ndama akakimbilia pangoni naye hakuachia, wakaja kutokea asubuhi Keshcorran, kaunti ya Sligo.

Tutaongozwa na watu wa kituo cha wageni pale Tulsk, maana pango liko kwenye shamba la mtu na haliingiwi hivi hivi. Njooni na buti za mvua, tochi, na nguo ambazo hamtazililia. Gari langu lina nafasi nne, anayetaka aniambie kabla ya Alhamisi.